Walibeba kombe, polisi wakabeba jezi

Sisi watu wa mine tunajua maana ya kungojea mushahara. Leo tuangalie wenzetu wa kazi ingine kabisa: wachezaji wa mupira wa Marekani, ule wa kubeba mu mikono na kugongana, kila mutu na kaske kichwani.

Muji wao ni Birmingham, jimbo la Alabama, uliozaliwa mwaka 1871 juu ya chuma na makaa ya mawe. Mwaka 1974 ligi mupya, World Football League, ilianza kwa kelele nyingi. Ekipe ya Birmingham, Americans, ilishinda mechi 15 kati ya 20. Lakini mapatroni waliahidi feza ambayo hawakuwa nayo. Kufika mwisho wa mwaka, wiki zilipita bila mushahara.

Mbele ya finale, wachezaji waligoma, wakakataa mazoezi. Patroni akawaahidi pete za ushindi kama watashinda. Wakarudi kazini. Tarehe 5 Desemba 1974 walikutana na Florida Blazers, ambao nao walikuwa wamekaa zaidi ya miezi miwili bila kulipwa. Njaa ilicheza na njaa! Americans walitangulia 22 kwa 0, kisha Blazers wakarudisha mpaka 22 kwa 21. Mu ile ligi, kufikisha mupira mwisho wa kiwanja kulileta pointi 7, na nafasi ya kuongeza moja. Blazers walikosa ile moja mara 3.

Mechi kuisha, polisi wakakamata jezi na vifaa vyote, sababu ekipe ilikuwa na deni la duka. Americans haikucheza tena. Mwaka 1975 Birmingham ilipata ekipe ingine, Vulcans, lakini mwezi wa Oktoba ligi nzima ikafa.

Wandugu, tuangalie vizuri nani alifika wa kwanza. Mwenye duka alikuwa na karatasi mukononi. Wachezaji walikuwa na jasho na ahadi ya pete. Pete hainunue bunga. Kwa hiyo, patroni akisema "ngojeni kidogo", sisi tuombe tarehe, tuombe saini, tena tuombe tukiwa wote pamoja, wakati mashine bado zinazunguka. Zikisimama, wenye madeni wengine watakuwa wamekwisha kupita.