Dhana ya 'Usaidizi' katika Istilahi 'Seli T Saidizi'

Makala haya yanachunguza iwapo istilahi 'seli T saidizi' inabeba dhana iliyokusudiwa. Kimofolojia haina kasoro. Tatizo ni la kisemantiki: katika mazungumzo ya kawaida msaidizi ni mtu wa ziada, ambaye asipofika kazi huendelea.

Jina lenyewe lina historia. Mwaka 1968, Jacques Miller na Graham Mitchell, huko Melbourne, walionyesha kwamba seli zitokazo katika tezi ya thaimasi hazitengenezi kingamwili, ila huziwezesha seli za uboho kuzitengeneza. Kwa ushahidi wa wakati ule, 'kusaidia' lilikuwa neno la haki.

Tangu hapo utaratibu umefahamika zaidi. Seli B hunasa antijeni kwa kipokezi chake, huimeza, huikatakata, kisha huonyesha vipande vya protini juu ya utando wake. Seli T iliyokwisha kuamshwa, na inayotambua kipande kimojawapo, hujishikiza hapo. Protini yake iitwayo CD154 hushikana na CD40 ya seli B. Wakati huo huo seli T humwaga saitokini, zikiwamo IL-4 na IL-21. Ndipo seli B huzaliana kwa wingi, huboresha kingamwili zake, na huacha kutoa IgM ili itoe IgG, IgA au IgE. Baadhi hubaki kuwa seli za kumbukumbu.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika mwaka 1993, ilipobainika kuwa wapo watoto wa kiume waliozaliwa na jeni mbovu ya CD154. Seli zao za B ni nzima, na IgM wanayo. Lakini IgG na IgA ni haba mno, nao huandamwa na maambukizi.

Wanaisimu tunacho kielelezo karibu. Katika 'alikuwa akisoma', kitenzi kisaidizi ndicho kibebacho njeo. Kikiondolewa, 'akisoma' hubaki, lakini huelekea maana ya sharti. Hivyo ndivyo seli B ifanyavyo peke yake: hutenda, ila si tendo lile. (Sukari za baadhi ya bakteria huiamsha pasipo seli T, lakini kumbukumbu yake huwa dhaifu.)

Kwa hiyo sipendekezi istilahi ibadilishwe. Napendekeza fasili yake katika kamusi itaje idhini, si msaada tu. Mwanafunzi anayesoma kuwa virusi vya UKIMWI huangamiza 'wasaidizi' anastahili kuelewa kwa nini hata kingamwili hupungua ubora.