Jina la Mwamba: Namna Wanajiolojia Wanavyochunguza na Kupanga Miamba

0. Utangulizi

Katika Kiswahili cha kila siku, neno jiwe hutumika kwa mambo mengi: jiwe la kujengea, la kusagia, hata lile lenye shaba. Mwanajiolojia hutenganisha. Kwake yeye, madini ni kitu cha asili chenye kemikali na mpangilio maalumu wa fuwele. Mwamba ni mkusanyiko wa madini hayo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi anavyoipanga miamba, na kupima majina ambayo Kiswahili kimeyapa makundi yake.

1. Uchunguzi

Kazi huanza pale mwamba ulipo. Kabla ya kuinua nyundo, mtaalamu huandika mahali, mwinamo wa matabaka na miamba jirani, kwani kipande kilichookotwa njiani hakisemi kilikotoka. Kisha huvunja ili aone uso usioharibiwa na jua na mvua, atazame ukubwa wa punje. Hupima ugumu: kisu hukwaruza malakiti, bali hakikwaruzi kwatzi. Hudondosha asidi hafifu: mawe ya chokaa hutoa povu papo hapo, lakini dolomiti, iliyo nyingi katika ukanda wa shaba wa Katanga, hutoa povu kwa urahisi pale tu inaposagwa kuwa unga. Maabarani, kipande husuguliwa hadi unene wa milimita 0.03, hapo nuru hupenya, na madini hutambulikana kwa hadubini.

2. Makundi matatu

Msingi wa upangaji ni asili ya mwamba, wala si rangi yake. Miamba ya moto hutokana na uji wa moto uliopoa. Ukipoa polepole chini ya ardhi, fuwele huwa kubwa, kama katika matale. Ukipoa upesi juu ya ardhi, huwa ndogo mno, kama katika basalti. Miamba mashapo hutokana na mchanga, matope, masalia ya viumbe au chumvi zilizotuama. Kundi la tatu ni miamba iliyobadilishwa na joto na mgandamizo bila kuyeyuka. Mfano ni Ruwenzori, wenye mita 5,109: mlima huo si volkeno, bali sehemu yake kubwa ni naisi na miamba mingine ya kundi hili.

3. Majina

Jina mashapo linafaa: kila aliyeona kinachobaki chini ya chungu cha pombe ameshaelewa. Miamba tabaka lafaa kidogo, maana lava nayo hulala tabaka juu ya tabaka. Miamba geugeu hupotosha zaidi, kwa kuwa geugeu ni tabia ya asiyetulia, ilhali mwamba huu umekwisha kugeuka. Twapendekeza miamba iliyogeuka.

4. Hitimisho

Suala hili si la msamiati peke yake. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo, kwa hiyo ni nyepesi kutiririka. Tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya Goma hadi Ziwa Kivu; tarehe 22 Mei 2021 ilisimama pembezoni mwa mji. Mtoto wa Goma akifundishwa kwamba jiwe jeusi la ukuta wao ni mwamba wa moto, na akaelezwa sababu ya jina hilo, atajua lilikotoka, na kwamba mengine yaweza kufuata njia ile ile.