Mpira Mpya, Uzee wa Kuazima

Wahenga walinena kuwa ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Kilichozeeka kwa kazi kina heshima isiyopatikana katika kitu kipya. Lakini wapo leo wasiongoja kamba ichakae. Huichukua mpya na kuichakaza kwa mikono yao, ili ipate heshima ya ukuukuu pasi na kuitolea jasho. Nayasema haya kwa sababu ya magurudumu ya baiskeli kuukuu.

Wenyeji wa Molo wanaijua vyema baiskeli nyeusi na nzito, yenye magurudumu ya inchi 28, ambayo Wakenya waliibandika jina la Black Mamba. Ndiyo iliyopanda na kushuka vilima vya nyanda hizo za baridi, ikibeba maziwa, viazi na pareto. Sasa pikipiki imeipiku. Chombo cha kazi kimegeuka kumbukumbu: wajukuu wanakihifadhi, na wapenda vitu vya kale wanakinunua.

Taabu ni kwamba chuma hudumu, mpira haudumu. Jua na hewa huukausha na kuupasua hata baiskeli ikilala ghalani. Basi mwenye baiskeli hulazimika kutia mipira mipya iliyoundwa kwa umbo la ile ya zamani. Nayo hung'aa mno, ikafanana na viatu vya mwanafunzi wa kidato cha kwanza miguuni mwa mzee wa miaka themanini.

Hapo ndipo ufundi wa kuzeesha huanza. Mng'ao huondolewa kwa maji ya sabuni na brashi. Vinyweleo vya mpira vilivyosalia kutoka kiwandani hukatwa. Vumbi la udongo husuguliwa kwa kitambaa chenye unyevu, kisha baiskeli huendeshwa barabarani siku kadhaa. Kufikia hapo hakuna dhara. Dhara huja kwa mwenye pupa. Msasa mkali hula ubavu wa mpira hadi kwenye nyuzi. Petroli na mafuta ya taa huuvimbisha na kuulegeza. Gurudumu la namna hiyo hupendeza likitundikwa ukutani, lakini likiteremka kilima na gunia la viazi laweza kupasuka na kumwangamiza mwendeshaji.

Hata hivyo, hatari ya mwili si yote. Ipo hatari ya ukweli. Alama za uzee ni ushahidi. Mipira ya kwanza ya upepo, iliyofuata uvumbuzi wa John Boyd Dunlop mwaka 1888, haikuwa myeusi kama hii ya leo. Ilikuwa na rangi hafifu, hadi viwanda vilipoanza kuchanganya masizi ili kuuimarisha mpira. Na sehemu ya mpira wa enzi hizo ilitoka Kongo iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II kati ya 1885 na 1908, ambako wanavijiji walishurutishwa kuugema kwa viboko na kukatwa viungo. Rangi ya gurudumu peke yake, basi, yaweza kumfungulia mwanafunzi mlango wa historia nzima. Anayeigiza rangi hiyo na kunyamaza huufunga mlango huo.

Kwa Molo jambo hili lina uzito wa pekee. Machafuko ya mwaka 1992, na yale yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, yaliteketeza nyumba na mali za familia nyingi. Mahali ambapo mengi yaliungua, kitu kikuukuu kilichosalimika si pambo tu. Ni shahidi wa maisha yaliyokuwapo. Kumtengeneza shahidi wa uongo na kumuuza kwa bei ya shahidi wa kweli ni kuwadhulumu walio hai na waliotangulia.

Je, nasema fundi asizeeshe mpira? La hasha. Baiskeli yenye sura inayopatana na umri wake humfundisha mtoto zaidi ya picha ya kitabuni. Ninachodai ni ukiri. Shule inayohifadhi baiskeli ya aina hiyo na iandike kwenye kibao kuwa fremu ni ya zamani, mipira ni mipya na imezeeshwa kwa makusudi. Muuzaji naye amwambie mnunuzi hivyo hivyo kabla ya kupokea fedha. Mwalimu ageuze kibao hicho kuwa somo: awatake wanafunzi waseme kipi ni cha asili na kipi ni mwigo, na wamejuaje.

Uzee wa kuazima si dhambi maadamu mwazimaji anakiri deni. Anayelificha huja akaumbuliwa na mvua ya kwanza, ikiosha vumbi na kuuacha mpira uking'aa mbele ya watu.