Aspirini na Ubongo wa Mtoto Mdogo

Wazazi na walezi wa Wilaya ya Magu, mkoani Mwanza, wanafahamishwa kuwa si kila mtoto anayeshikwa na degedege ana malaria. Kwa wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria dhana hiyo inaeleweka, na kipimo cha malaria lazima kitangulie. Hata hivyo yapo maradhi mengine, ya nadra lakini makali, ambayo humvamia mtoto pale anapodhaniwa kuwa amekwisha pona.

Huitwa ugonjwa wa Reye, kwa jina la Douglas Reye, daktari wa Australia aliyeueleza mwaka 1963. Mtoto huugua mafua makali au tetekuwanga. Homa hushuka, na nyumba nzima hushukuru. Baada ya siku chache huanza kutapika mfululizo, husinzia, huweweseka, huwa mkali bila sababu, kisha huzimia. Ini lake hujaa mafuta na kushindwa kuondoa sumu katika damu, na ubongo huvimba. Mara nyingi wakati huo homa haipo, na hilo ndilo linalowahadaa wazazi.

Uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kuwa wengi wa watoto hao walikuwa wamepewa aspirini. Nchini humo waliripotiwa wagonjwa 555 kati ya mwaka 1979 na 1980. Baada ya wazazi kuonywa, kuanzia 1994 hadi 1997 hawakuzidi wawili kwa mwaka. Uingereza nayo iliwazuilia dawa hiyo watoto wa chini ya miaka 12 mwaka 1986, na mwaka 2002 ikapandisha umri hadi 16.

Kwa hiyo mtoto mwenye homa asipewe aspirini, hata nusu kidonge, wala dawa ya mchanganyiko yenye aspirini ndani yake, ila kwa amri ya daktari. Parasetamoli, kwa kipimo cha uzito wake, yatosha. Muuza duka aulizwe kilichomo. Kuuliza si utovu wa adabu.

Mtoto anayetapika mfululizo na kupotewa na fahamu apelekwe hospitali usiku huohuo, wala asisubiri kuaguliwa. Njiani alazwe ubavu, asinyweshwe kitu. Huko atapimwa malaria na sukari ya damu, na hali ikizidi atapelekwa Bugando. Mzazi achukue makaratasi ya dawa zote alizokwisha mpa, pamoja na zile za dukani, amwonyeshe tabibu.