Msomi Naye ni Mfanyakazi



Wapo wenzetu wanaodhani kwamba profesa hana bwana juu yake, hivyo mambo ya chama hayamhusu. Tuyatazame maisha ya Lee Lorch, mwanahisabati aliyezaliwa New York, Marekani, mwaka 1915.

Utafiti wake ulihusu hesabu za aina ile inayoeleza jinsi ngozi ya ngoma inavyotetemeka ikipigwa. Hesabu hizo hazikumgombanisha na mtu. Kilicholeta ugomvi ni nyumba. Alipanga Stuyvesant Town, mtaa wa kampuni ya bima iliyokataa kuwapangisha watu weusi. Lorch, ingawa ni Mzungu, akawa mmoja wa viongozi wa kamati ya wapangaji waliopinga ubaguzi huo. Mwaka 1949 City College, alikofundisha, ikakataa kumwendeleza kazini. Akaenda kufundisha jimbo la Pennsylvania, na nyumba yake akaiachia familia ya watu weusi. Mwaka 1950 huko nako akaachishwa.

Ndipo akapokelewa na Chuo cha Fisk, chuo cha watu weusi, akaongoza idara ya hisabati. Wanafunzi wake watatu wa hapo, Etta Falconer, Gloria Hewitt na Vivienne Malone-Mayes, walikuja kuwa miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza wa Marekani kupata udaktari wa hisabati. Lakini mwaka 1954 kamati ya Bunge ilimhoji juu ya siasa zake, naye akakataa kujibu baadhi ya maswali. Mwaka 1955 Fisk nayo ikamwachisha. Alishtakiwa, na mwaka 1957 mahakama ikamwachia huru; kazi ya Fisk haikurudi.

Mwaka 1959 alihamia Kanada, akafundisha Alberta, kisha Chuo Kikuu cha York, Toronto, mpaka mwaka 1985. Baadaye Fisk ikampa shahada ya heshima. Alifariki mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 98.

Ndugu, ujuzi peke yake haukumlinda mtu huyu. Basi kila mmoja wetu asome mkataba wake na kuuliza: muda wake ukiisha, mwajiri analazimika kutoa sababu za kutoniendeleza? Kama halazimiki, jambo hilo lifikishwe katika mkutano wa tawi mapema, kabla barua ya kuachishwa haijaandikwa.