Dawa za Kutapika: Ndugu Moja, Kazi Mbali

Huwa naulizwa na jamaa wanaosafiri kwa boti kwenda Faza au Kizingitini msimu wa kusi: dawa za kutapika si zote ni moja? Jibu langu ni hapana, hata zile zilizo ndugu.

Chukua promethazini na proklorperazini. Zote ni za ukoo wa fenothiazini, na kiini chao ni kile kile: pete tatu zilizoshikana. Tofauti iko mkiani. Promethazini ina mkia mfupi. Mwenzake ana mkia mrefu zaidi, na chembe ya klorini kwenye pete. Kitu kidogo, lakini kazi hubadilika.

Promethazini huzuia histamini, kwa hivyo hutuliza kigegezi cha safari ikimezwa kabla ya kuondoka. Ubaya wake ni usingizi mzito. Proklorperazini huzuia zaidi dopamini. Hufaa kwa kutapika kwa maradhi, lakini baharini haisaidii sana, na yaweza kukaza shingo na taya, hasa kwa watoto na vijana.

Linalonitia hofu ni mzazi kumpa mtoto dawa ya mtu mzima ili alale njiani. Promethazini haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2, kwani yaweza kumkatisha pumzi. Nawasihi, mkifika duka la dawa tajeni umri wa mgonjwa na kinachomtapisha, kisha someni jina la dawa kwenye pakiti. Rangi ya kidonge haitoshi.