Mkanda umepanda hadi wapi?

Kilichonisumbua ni sauti. Nilikuwa nimepakiwa nyuma ya skuta kubwa kwenye Raccordo, barabara ya kilomita 68 inayouzunguka mji wa Roma, na tulikuwa tunachomoka kwenye msafara wa malori. Dereva akavuta mafuta. Injini ikapanda mara moja hadi kwenye mlio mmoja mzito, kisha ikabaki hapo hapo. Nikangoja gia, kama angojavyo kila mtu aliyezoea bodaboda: ile pumzi fupi, klachi, halafu mlio uanze tena kutoka chini. Haikuja. Injini iliendelea na mlio ule ule, huku upepo ukizidi kunibana kifuani na malori yakibaki nyuma. Kwa masikio yangu hatukuwa tumeongeza mwendo. Kwa macho, tulikuwa tumeshachanganya zamani.

Swali la sauti ile nililibeba siku tatu, mpaka nikaelekezwa kwenye karakana moja mtaa wa Torpignattara, upande wa mashariki wa mji, wanakokaa wahamiaji wengi. Fundi wake ni mtu wa Unguja. Ameomba jina lake nisiliandike. Nilipomwamkia shikamoo aliinua kichwa haraka, akaitika marahaba kwa kuvuta, kama mtu aliyepewa kitu alichokisahau mfukoni, akanisogezea ndoo iliyopinduliwa nikae.

Ujana wake ulipitia kwenye Vespa za Mji Mkongwe, zile ambazo gia zake zinabadilishwa kwa kuzungusha mkono wa kushoto na petroli yake inachanganywa na oili. Kiitaliano alikianza Kiwengwa, kwenye mahoteli, kabla hajaiona nchi inakotoka Vespa. Leo karibu kila anachokigusa ni scooterone, neno la Waitaliano la kuikuza skuta, kama sisi tunavyomkuza mtu akawa jitu. Yamaha na Honda walifungua mlango mwaka 2001, mmoja na TMAX ya cc 499, mwingine na Silver Wing ya cc 582. Mwaka uliofuata Suzuki wakaja na Burgman ya cc 638, chombo kizito chenye kiti cha kutosha watu wawili na safari ya wiki nzima. Tangu hapo wenye skuta hizi wanabishana juu ya mambo mawili: inachanganya vipi, na mwisho wake ni ngapi.

"Wewe umesikia sauti," fundi aliniambia. "Wengi hawaisikii. Njoo utizame, mwanangu."

Kwenye stendi palikuwa na skuta ya cc 500 ambayo mwenyewe aliileta akilalamika. Zamani ilikuwa inakwenda, sasa mshale unagota kwenye 120 na injini inapiga kelele kama inataka kupasuka. Fundi alifungua nati za kifuniko cha ubavuni, akakiweka chini kwa taratibu, na ndani yake nikaona puli mbili zilizounganishwa na mkanda mpana mweusi wenye meno kwa ndani.

Kila puli ni visahani viwili vinavyoelekeana, na mkanda umebanwa katikati yake. Nyuma ya kisahani kimoja cha puli ya mbele mna vijia vilivyoinama, na katika kila kijia amelala rola mmoja, kipande cha mviringo kisichozidi ukubwa wa kifundo cha kidole gumba. Injini ikizunguka kwa kasi, rola wanakimbia kutoka katikati kwenda ukingoni. Wakikimbia wanakisukuma kisahani, nafasi inakuwa nyembamba, na mkanda, kwa kuwa hauna pengine pa kwenda, unapanda kuelekea ukingoni. Kule nyuma mambo ni kinyume: springi inabanwa, visahani vinaachana, mkanda unazama. Mwanzoni mbele pana duara dogo na nyuma duara kubwa, sawa na gia ya kwanza. Mwisho wa safari mbele ni kubwa na nyuma ni dogo. Kati ya hapo na pale hakuna gia ya pili wala ya tatu. Ni mteremko mmoja usio na ngazi.

"Sasa sauti yako hiyo," alisema, akigonga puli kwa ukucha. "Injini imeshafika mahali inapopenda, pale penye nguvu yake. Haina haja ya kuhama. Anayehama ni mkanda."

Kisha akatoa kitu kilichonifanya nikae kwenye ndoo ile mpaka jioni. Kilikuwa kalamu ya wino mzito, ya kawaida kabisa, ya kuandikia maboksi. Alikifuta kisahani kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kikang'aa. Akachora mstari mnene kutoka katikati hadi ukingoni. Akauzungusha mkono, akachora mwingine, na mwingine, mpaka kisahani kikawa na mistari sita kama miale ya jua katika mchoro wa mtoto. Akapuliza wino ukauke. Akafunga kila kitu kama kilivyokuwa, akavaa kofia, akatoka.

Alirudi baada ya dakika arubaini, akaiacha injini ipoe, akafungua tena. Mkanda ulikuwa umeufuta wino kila ulipopita. Chini, karibu na katikati, mistari ilikuwa imetoweka kabisa. Lakini ilipofika kama theluthi mbili ya njia, wino ulianza tena, mweusi, mzima, haujaguswa, hadi ukingoni.

"Hapa ndipo unapoishia," alisema. Aliweka kidole kwenye mpaka ule. "Mwenye skuta anadhani injini imezeeka. Injini ni nzima. Mkanda haupandi."

Sababu ilikuwa rola. Aliwamwagia kiganjani mwangu: kila mmoja alikuwa amekatika upande, pameliwa pakawa bapa. Rola wa namna hiyo habiringiki, anaburura, na akifika kwenye ubapa wake anakwama. Fundi alitoa mizani ndogo, akasema alizoea kuiona ya namna hiyo kwa masonara wa Mji Mkongwe, akampima mmoja mmoja kisha wale wapya. Gramu chache tu za tofauti zinasikika barabarani. Rola wepesi wanachelewa kusukuma, basi injini inapanda juu zaidi kabla mkanda haujaanza safari, na skuta inaruka kwenye taa kama imepigwa teke. Wazito wanausukuma mkanda mapema: injini inatulia, mafuta yanapungua, lakini kwenye taa utaachwa.

Nikamwuliza ni uzito gani ulio sahihi. Hakunijibu moja kwa moja. Alinisimulia juu ya kijana mmoja aliyetaka rola wepesi kabisa, akafungiwa, akarudi baada ya wiki mbili akitaka wepesi zaidi. Mara ya tatu fundi alimrudishia funguo zake. "Sikumwogopa yeye. Niliogopa mama yake asije hapa mlangoni."

Juu ya mwisho wa mwendo alikuwa mkali. Mshale, anasema, haumwambii mtu ukweli, na sheria yenyewe imeuruhusu. Kwa kanuni inayofuatwa Ulaya, spidomita haitakiwi kamwe kuonyesha pungufu ya mwendo halisi, lakini inaruhusiwa kuzidisha kwa asilimia kumi na kilomita nne juu yake. Anayeapa kwamba amefika 165 huenda alikuwa 150 na kidogo. Na upepo haubembelezwi. Ukitoka 120 kwenda 160, nguvu inayodaiwa na hewa peke yake inazidi mara mbili, na kioo kirefu cha mbele, kile kile kinachomfanya msafiri asichoke, kinaongeza deni. BMW C 650 GT, iliyotoka mwaka 2012 na farasi 60, imeandikiwa na waundaji wake kilomita 175 kwa saa. Gilera GP800 ya mwaka 2007, cc 839, farasi 75, ilitangazwa kuwa skuta yenye nguvu kuliko zote sokoni wakati wake. Nilipoitaja macho yake yalilainika. Gilera ni ya Piaggio, wale wale walioianza Vespa kule Pontedera mwaka 1946. "Damu moja na zile za kwetu," alisema.

Burgman ya cc 638 haina rola wa kupimwa. Puli yake inasogezwa na mota ya umeme inayopokea amri kwenye kompyuta, na ukibonyeza kitufe cha nguvu injini inashikiliwa juu, tayari kuruka. Anaiheshimu. Na zipo mpya zaidi: BMW CE 04, ya betri, inaishia 120, lakini kutoka kusimama hadi 50 inatumia sekunde 2.6. Hakuna puli za kupanda na kushuka, hakuna mistari ya kuchora. Nilimwuliza akiona moja ikipita anajisikiaje. Alikaa kimya, akachukua kitambaa, akaanza kufuta spana ambayo tayari ilikuwa safi. Sikuuliza tena.

Alifunga rola wapya, akachora mistari sita upya, akaondoka. Giza lilikuwa linaingia aliporudi, na safari hii aliniachia mimi nishike tochi. Wino ulikuwa umefutika karibu wote. Karibu. Pale ukingoni kabisa palibaki ukanda mweusi mwembamba, upana wa punje mbili za mchele.

Alipima mkanda kwa kalipa, upo ndani ya kipimo. Rola ni wapya, vijia ni visafi.

"Nimekwenda mpaka 130, ndio mwisho wa sheria," alisema. "Huenda kilichobaki kinafutika huko mbele. Huenda pana kitu sijakiona. Kujua ni mpaka niende, na huko mimi siendi."

Mwenye skuta aliingia akiwa bado na kofia kichwani. Hakusalimu. Aliuliza kwa Kiitaliano, inakwenda ngapi sasa? Fundi alinichukulia tochi mkononi, akaimulika kwenye ukingo wa puli, na yule bwana akavua kofia, akapiga magoti kwenye sakafu yenye oili, akasogeza uso karibu kabisa na ule wino uliobaki.